Matanga ya Papa Chelewa

Tulikuwa tumeisha kuacha Kingi mgongoni, tumeshuka mpaka kwenye mto mdogo wa chini, wakati Polycarpe aliposimama katikati ya maji akasema anarudi kwake.

"Rudi," Mama Nyiramana akamjibu bila kugeuka. Yeye alikuwa ameisha kuvuka, jembe begani, viatu mkononi. "Rudi ukaambie batu ya Kingi kama uliogopa maji ya magoti."

"Haiko maji, Mama. Nimefikiri."

"Utafikiri ukitembea."

Polycarpe akanitazama mimi, kama vile mimi njo ninatoa ruhusa. Nikainua mabega. Akavuka.

Niseme kwanza sisi ni nani. Mimi ni Jérémie. Kazi yangu ni kutengeneza miavuli na kuziba masufuria yaliyotoboka, na kazi hiyo haikubali mtu akae pahali pamoja, maana masufuria ya kijiji kimoja yanaisha upesi. Nimezunguka Masisi na Walikale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mama Nyiramana ni mjane wa Mbonigaba, yule ambaye watu wa milima hii yote walimwita Papa Chelewa. Kama ulikuwa na redio, unamjua. Kama hukuwa nayo, unamjua vilevile, ulimsikia kwa jirani. Kwa miaka mingi, kila Jumamosi, alicheza mwanaume anayechelewa. Anachelewa kanisani. Anachelewa arusi yake mwenyewe. Anachelewa kukimbia vita, hata wale wanaomfukuza wanachoka kumngojea. Na huyu Polycarpe ndiye aliyekuwa Mama Pilipili, bibi yake wa redioni. Mwanaume mwenye masharubu na mabega ya kubeba mbao, lakini akibana koo kidogo unasikia mwanamke wa mlimani ambaye ugali wake umepoa na mume hajaonekana.

Mbonigaba alikufa mwezi wa nane, kwenye kiti chake, akingojea chakula. Tulimzika Kingi, kijijini kwake Masisi. Kwetu, mtu akifa, jembe linalala. Watu wa nyumba yake na majirani hawagusi udongo mpaka matanga yatoke, na anayeyatoa ni mwanamke wa ile nyumba. Anashika jembe, anapiga udongo mbele ya watu, basi, kila mtu anarudi shambani. Mama Nyiramana aliyatoa matanga ya Kingi kabla wiki haijaisha. Watu wakanywa kasiksi, pombe yao ya ndizi, wakaenda kupanda.

Sasa, Buleusa si jirani wa Kingi. Buleusa iko Walikale kule, unatembea mpaka unasahau ulitoka na mguu gani. Lakini nilipofika huko mwezi wa tisa na vyombo vyangu, nilikuta majembe yote yamelala. Kijiji kizima! Mvua imeshika, vijiji vya chini maharagi imeisha kutoa majani, na wao wamekaa kwenye moto wa matanga wanamlilia mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpa mkono. Nikauliza, vipi? Wakaniambia: huyu ni wetu. Ile miaka tuliyokimbia porini, alikimbia pamoja na sisi.

Na si uongo. Redio ya Masisi haifiki kule. Walikuwa naye ndani ya karte ya telefone, michezo yake imenakiliwa humo. Watoto wakianza kulia huko msituni, telefone inaingizwa chini ya blanketi, sauti kidogo kabisa, na Papa Chelewa anawanyamazisha. Kuna watu wazima leo pale Buleusa ambao wako hai kwa sababu walikuwa wanacheka kimya kimya badala ya kulia kwa nguvu. Basi walimlia kama baba wa kila nyumba, na kila nyumba ikalaza jembe.

Shida ilikuwa ya Astrid. Astrid ni binti wa Mbonigaba na Mama Nyiramana, ameolewa Buleusa. Mume wake, Bienvenu, alikuwa kwenye mashimo ya madini na hakuwa ametuma habari. Ana watoto watatu na shamba moja.

"Papa Jérémie," aliniambia, "ufike kwa mama. Umwambie msimu uliopita tulikimbia, hatukuvuna kitu. Na huu ukinipita, watoto nitawalisha majani. Mimi njo wananikataza kulima kuliko wote, kwa sababu mimi ni damu ya marehemu. Mama akuje atoshe hii matanga, aitoe kabisa."

Nilimfikishia Mama Nyiramana maneno hayo. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

"Muzee amekufa, nimekubali," akasema. "Ile shamba ya mutoto wangu, sikubali. Twende. Na Polycarpe akuje. Bale batu banapenda sauti yake, watamusikiliza."

Ndivyo tulivyotoka. Ng'ambo ya ule mto mdogo tulipata pikipiki, ikatubeba mpaka mbele ya Nyabiondo, matope yakaikatalia, tukashuka, tukaendelea na miguu. Kabla ya Kalembe kulikuwa na barière, kamba imevutwa kutoka mti huu mpaka huu. Kijana mwenye bunduki na kandambili akasimama.

"Mama, ile jembe ni ya nini?"

"Ya kulima."

"Kulima wapi? Mashamba yako mugongo yenu."

"Buleusa."

"Munatoka Masisi munaenda kulima Buleusa?" Akawageukia wenzake. "Kujeni muone batu ya akili!"

"Kijana, ongea na heshima," nikamwambia. "Huyu ni mujane wa Papa Chelewa."

Bunduki ikashuka yenyewe. Wakaja wengine wanne, na mkubwa wao, mtu mnene mwenye kofia ya sufu.

"Mama, ni kweli alikufa? Sisi tulisema ni mchezo mupya, wanauweka kwenye karte wiki kesho."

"Nilimufunga macho na hii mukono," Mama Nyiramana akasema.

Yule mnene akavua kofia, akakaa juu ya gogo, akaitazama kofia muda mrefu. Halafu akauliza, "Na huyu wa masharubu?"

"Mama Pilipili," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. "Haiwezekani! Sema kitu, papa! Kidogo tu. Unitukane mimi!"

"Sisemi," Polycarpe akajibu.

"Nitakufunga."

"Funga."

"Bwana, ni mara moja tu, kwa kuaga!"

Polycarpe akatikisa kichwa. "Ile sauti ilikuwa ya kujibizana na muntu. Muntu ameenda. Nijibizane na nani? Na wewe?"

Mkubwa akalegeza kamba mwenyewe. "Piteni. Yeye angekuwa hapa, angefika kamba imeisha kuoza," akasema, na hakuna aliyejua kama anacheka ao analia.

Buleusa tulifika asubuhi ya siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha vizuri, ile mvua ambayo mkulima akiiona mikono inamuwasha. Mashamba yote yalikuwa yamelimwa tangu kiangazi, tayari, na majani mabaya yameanza kurudi juu yake. Hakuna mtu ndani. Mama Nyiramana alitembea kando kando anayatazama, mdomo umefungwa kabisa. Nilimjua tangu zamani; afadhali anapopiga kelele.

Astrid alitoka nyumbani na mtoto mgongoni, wakakumbatiana. Halafu akatuonyesha mbegu. Gunia lilikuwa nusu.

"Ilikuwa imejaa," akasema. "Tunakula, mama. Ningefanya nini?"

"Hukukosea," Mama Nyiramana akajibu. "Iko wapi hii matanga yenu?"

Matanga yalikuwa kwenye uwanja mbele ya nyumba ya kapita Luc, mkuu wa kijiji. Moto, mikeka, watu wa rika zote. Mwenye kusimamia kilio alikuwa Mama Rosalie, mwanamke mrefu, mkubwa wa akina mama waliozoea kukusanyika Jumapili kumsikiliza Papa Chelewa, telefone ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue. Hiyo sufuria niliiziba mimi. Walitupokea vizuri sana. Walilia, wakatupa viti, wakatupa ndizi. Mama Nyiramana akawashukuru wote, akawaambia kule kwao matanga yameisha kutoka, marehemu amelala vizuri. Akasimama, akashika jembe.

"Sasa, ndugu zangu, mimi mwenye nyumba niko hapa. Ninatosha hii matanga."

Mama Rosalie akanyoosha mkono, polepole, kwa heshima.

"Mama Astrid, tunakuheshimu. Wewe njo nyumba mukubwa. Lakini nyumba mudogo haijasema."

"Nyumba gani mudogo?"

"Mama Pilipili."

Mama Nyiramana akateremsha jembe. Mimi nikatazama chini ili nisicheke kwenye kilio. Kumbe hawa watu walijua wanawake wawili: yule wa Kingi aliyemzaa Astrid, na yule wa redioni ambaye walimsikia kila Jumapili. Wakahesabu hivyo tu, mke mkubwa na mke mdogo, na mdogo ndiye aliyependwa, maana ndiye aliyesemeshwa. Kwao, mjane mmoja hawezi kutoa matanga ya wawili. Mwingine atasema alidharauliwa, na kilio kitabaki ndani ya udongo.

"Mama Pilipili ni huyu," Mama Nyiramana akasema, akamwonyesha Polycarpe.

Watu wakamtazama Polycarpe. Masharubu, koti lililochanika, buti za matope.

"Mama," kapita Luc akasema, "sisi tuko na kilio. Usituchezee."

"Sichezi."

"Mimi nilisikia ile mwanamuke anazaa!" Mama Rosalie akapaza sauti. "Kwenye karte iko! Anaita mama yake, anamutukana bwana yake, mutoto analia! Mwanaume anaweza kuzaa?"

"Nilizaa mara mbili," Polycarpe akasema kwa unyenyekevu. "Mara ya pili walikuwa mapacha."

Basi kukawa na fujo. Wengine waliona ni matusi, wengine walitaka wamguse koo. Astrid akaingia katikati, akamshika Polycarpe mikono miwili.

"Papa Polycarpe, ninakuomba. Sema. Useme tu kama unatosha matanga, tuende kupanda. Watoto wangu, papa."

Polycarpe akatazama mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Astrid. Akapangusa mdomo. Akabana koo.

"Weye mwanaume!" Sauti ikatoka, ileile, kali kama pilipili yenyewe. "Jua limefika wapi? Ugali umekuwa jiwe! Ulikuwa wapi, eh? Jibu! Ulikuwa wapi?"

Na hapo, kwenye kila mchezo, ndipo Papa Chelewa alipokuwa anakohoa kidogo na kuanza uongo wake. Watu wote pale walikuwa wanajua kikohozi kinakuja. Walikingojea. Hakikuja.

Sijasikia kilio kama kile tangu nizaliwe. Mama Rosalie alianguka kwenye mkeka. Wazee walilia na midomo wazi. Polycarpe mwenyewe alikaa chini akajifunika koti. Na kapita Luc, huku machozi yanampita kwenye ndevu, akasimama akatoa neno lake.

"Mujane mudogo amefika leo. Basi matanga inaanza leo. Tuanze upya, tumuheshimu."

"Unasema nini?" Astrid akauliza.

"Inaanza leo, binti yangu. Ni desturi."

Nilimwona Mama Nyiramana anatazama mawingu, halafu lile gunia nusu mlangoni kwa binti yake. Hakubishana. Alirudi kwa Astrid, akala, akalala.

Kulipopambazuka akatuamsha mimi na Polycarpe. "Nyinyi wawili, muende mukate miti. Mirefu, kama ya kwetu Kingi."

"Miti ya nini, Mama?"

"Ya maharagi. Muende."

Tuliporudi na miti begani, alikuwa ndani ya shamba la Astrid, kanga imefungwa kiunoni, anachimba. Kando ya shamba watu walikuwa wameanza kusimama, na kila dakika wanaongezeka. Kapita Luc alikuja amevaa koti lake la mikutano.

"Mama, unavunja matanga."

"Nimesikia."

"Kuna amande ya kulipa."

"Utaniambia nikimaliza."

"Watu watasema nini?"

"Wako hapo, uwaulize."

Akaendelea. Alikuwa anachimba mashimo makubwa, mbali mbali, kama tunavyofanya kule juu kwenye udongo mweusi, na kila shimo anatupa mbegu chache na kutuamuru tusimamishe mti. Mimi nilisimamisha. Polycarpe alisimamisha. Watu walipiga kelele mwanzoni. Wengine walimwita mchawi. Baadaye kelele zikapungua, zikageuka kitu kingine. Niliona wanawake wananong'onezana, wanaonyesha mashimo.

Mama Rosalie ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Mama Astrid! Ile miti ni ya nini?"

"Ya maharagi kupandia."

"Ile maharagi haipandi miti! Ni ya chini ile!"

"Kwetu inapanda."

"Kwenu si hapa! Na ile mashimo! Huku maji inalala ndani, mbegu inaoza yote!"

"Basi itaoza."

"Ni mbegu ya watoto ile!"

"Ninajua ni ya nani," Mama Nyiramana akasema, akachimba lingine, kubwa kuliko yote, akainama kuchukua mbegu.

Mama Rosalie akaruka majani ya mpaka. Mwanamke wa umri ule, akaruka! Akamnyang'anya jembe. "Toka hapa! Batu ya Masisi mulifundishwa kulima na nani? Tazama! Mustari, hivi, udongo juu, maji inapita huku. Mbegu karibu karibu. Hivi! Unaona? Hivi!" Akafukia mashimo, akavuta mstari, akang'oa mti niliousimamisha akautupa, akavuta mstari wa pili. Alifika nusu ya huo wa pili ndipo akasikia kimya. Akainua kichwa. Jembe mikononi, udongo mpaka kwenye magoti, na kijiji chote kinamtazama.

"Papa kapita," akasema, "usinitazame hivyo. Mbegu ilikuwa inaharibika."

Kapita Luc alikohoa. Akavuta koti lake. Ninamshukuru Mungu kwamba yule mzee, pamoja na kupenda desturi, alikuwa pia na shamba lake mwenyewe.

"Ile ya Mama Rosalie," akasema taratibu, ili kila mtu asikie, "si kulima. Ni kusahihisha."

Watu wakangoja.

"Kusahihisha hakukatazwi kwenye matanga," akaongeza.

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Papa kapita, na mimi shamba yangu iko na makosa. Ninaweza kusahihisha?"

"Kila muntu ajue makosa yake."

Walitawanyika haraka kuliko siku za vita. Mbele ya saa sita hapakuwa na mtu kwenye moto, na mlima wote ulikuwa migongo iliyoinama. Nilimuuliza Mama Nyiramana tukiwa tunakunywa maji kama kweli hakujua kwamba maharagi ile ni ya chini. Akaniambia amezaliwa shambani, nisimuulize ujinga. Polycarpe akauliza kama yeye alijua, mbona hakutuambia, miti ile ni mizito. Akamjibu kwamba tungecheka.

Buleusa walivuna mwaka ulipogeuka. Haikuwa nyingi, mstari wa mwisho mvua iliukuta kwenye maua, ikayaangusha. Astrid alipata ya kula na ya mbegu, hakuuza. Bienvenu alirudi kutoka madini na kikohozi, anafanya kazi ndogo ndogo. Mama Rosalie amehamia Pinga kwa mwana wake. Kapita Luc bado ni kapita. Ile barière iliondolewa, na wale vijana sijui walikwenda wapi. Polycarpe alishuka Bweremana, anauza samaki sokoni. Redio ilimwita arudi, hakwenda. Mama Nyiramana alikaa kwa binti yake mpaka palizi, barabara ikafungwa, akazunguka kwa njia ndefu mpaka Kingi. Alikuta mbuzi wake wameibiwa. Analima. Mimi niko Walikale, nikitoka hapa ninaelekea Lubutu.